Kicheko cha Mugumu

Naanza kwa kuungama. Siku moja mjini Mugumu, baada ya sherehe ya ndoa, wageni walipokwisha kula na wazee tukabaki kwenye viti tukizungumza, kijana mmoja niliyemfundisha darasa la tano aliulizwa ni kitu gani kilichomweka ng'ambo miaka minne. Akajibu kwa adabu, kwa Kiswahili kizuri: "Ninahesabu, wazee wangu, jinsi molekuli ndefu zilizomo katika maji zinavyojinyoosha na kujikunja pale maji yanapotikiswa kwenda na kurudi." Kimya kikapita. Kisha mzee mmoja, mfugaji mwenye heshima zake, akauliza: "Yaani walikulipia nauli ya ndege ukatikise uji?"

Tukacheka. Mimi nilikuwa mmoja wao, na nadhani nilicheka kwa sauti kuliko wengine. Kijana akatabasamu, akainamia glasi yake ya soda, na jioni ile hakusema neno jingine juu ya masomo yake.

Nilikuwa mwalimu mkuu kwa miaka mingi. Katika miaka hiyo niliwasimamisha watoto wengi nje ya darasa kwa kosa la kumcheka mwenzao aliyejibu swali. Nani angenisimamisha mimi nje usiku ule? Ndiyo sababu ninaandika kurasa hizi, na msomaji asitegemee upole ndani yake. Kicheko kile kimekwisha kuwa ugonjwa katika wilaya zetu mbili za Tarime na Serengeti. Kinawaua wanafunzi wazuri bila kuwagusa ngozi, nasi tunakiita busara ya wazee.

Tuanze na sufuria, maana ndiko tulikoanzia kucheka. Mama anayesonga ugali wa muhogo uliochanganywa na mtama, chakula cha kila siku katika nyumba nyingi za mkoa huu, hasongi kwa nguvu tu. Anausukuma mwiko, anaurudisha, anausukuma tena. Kila anaposukuma, anausikiliza mkono wake. Je, kilichomo ndani kinaachia au kinarudisha? Kikiachia tu, huo bado ni uji. Kikijaribu kuuvuta mwiko ulikotoka, ugali umeanza kuwa ugali. Ukimuuliza anapima nini atakuambia anapika, na ukizidi kuuliza atakufukuza jikoni.

Sasa, kazi hiyohiyo ndiyo inayofanywa katika maabara na mashine ambayo bei yake ingetujengea vyumba vya madarasa. Ina sahani mbili ndogo, na kimiminika huwekwa katikati. Sahani moja huyumbishwa kwenda na kurudi, kidogo kidogo, na nguvu inayorudishwa na kimiminika hupimwa. Nguvu hiyo ikienda sambamba na umbali sahani iliposogea, kitu hicho kina tabia ya mpira. Ikienda sambamba na kasi, yaani ikiwa kubwa pale sahani inapopita katikati mbio na ikiwa sifuri pale inapogeuka, kitu hicho ni cha kutiririka tu, kama maji. Na vipo vitu vilivyo kati ya hapo: mlenda, ute wa yai, rangi ya ukuta, makohozi, na huo uji tuliouchekea. Vyote hivyo vina nusu ya tabia ya maji na nusu ya tabia ya mpira, na ni tabia ipi itakayotawala inategemea unavitikisa kwa haraka kiasi gani.

Kwa nini? Jibu ndilo alilokuwa akilitafuta kijana wetu. Ndani ya vitu hivyo mna molekuli ndefu mno, minyororo ya vipande vidogo vilivyoshikana maelfu kwa maelfu. Wataalamu wa kemia wenyewe hawakukubali upesi kwamba minyororo kama hiyo ipo. Mjerumani Hermann Staudinger alianza kuitetea mwaka 1920, akabishiwa na wakubwa wa fani yake, na Tuzo ya Nobel alikuja kuipata mwaka 1953, akiwa mzee wa miaka 72. Naomba wale wenzangu tuliocheka waukumbuke umri huo.

Mnyororo kama huo ukiwa umetulia katika maji hujikunja ovyo, kama uzi uliodondoka sakafuni. Ukiuvuta, unanyooka. Ukiuachia, unarudi kujikunja, lakini haurudi papo hapo, maana maji yanaukawiza. Kurudi huko kuna muda wake. Neno zima la elimu hii limo katika muda huo wa kurudi, na kama wanafunzi wangeambiwa hivyo siku ya kwanza, badala ya kukaririshwa kwamba polima ni molekuli kubwa iliyoundwa na molekuli ndogo nyingi, nusu yao wasingelikimbia somo.

Mwaka 1934 Werner Kuhn aliurahisisha mnyororo huo mpaka ukawa shanga mbili zilizounganishwa kwa springi. Mtoto yeyote wa Tarime aliyewahi kutengeneza manati anaweza kuuona moyoni: kokoto mbili, katikati kipande cha mpira wa baiskeli, vyote vimezama katika asali. Tikisa asali polepole, kwa kipindi kirefu kuliko ule muda wa kurudi. Mpira unafuata bila taabu, hauhifadhi kitu, na nguvu yako yote inapotea kuwa joto. Tikisa upesi sana, na mpira haupati nafasi ya kulegea. Unashika nguvu yako na kukurudishia. Kati ya hapo na pale ipo kasi moja ambayo tabia hizo mbili zinalingana kabisa.

Hesabu yake haihitaji kompyuta. Chukua kasi ya kuyumba, izidishe kwa muda wa kurudi, upate namba moja. Namba hiyo ikiwa 0.1, sehemu ya mpira ni karibu 0.01 na sehemu ya kutiririka ni karibu 0.1, yaani mtiririko unaushinda unyumbufu mara kumi. Ikiwa 1, zote mbili ni 0.5. Ikiwa 10, sehemu ya mpira imepanda hadi karibu 0.99 na sehemu ya kutiririka imeshuka tena hadi karibu 0.1. (Hapo maji yenyewe yaliyobeba mnyororo sijayatia katika hesabu.) Mwanafunzi wa kidato cha pili anayejua kupiga mraba na kugawanya anaweza kuchora mstari wake kwenye karatasi ya grafu: anachukua namba yake, anaipiga mraba, anagawanya kwa hiyohiyo mraba ikiongezwa moja, na hapo ana sehemu ya mpira. Kwa sehemu ya kutiririka, juu anaweka namba yenyewe badala ya mraba wake. Basi. Huo ndio uchawi ulioshinda wazee wa Mugumu.

Waliokuja baadaye waliongeza shanga. P. E. Rouse mwaka 1953 aliunganisha shanga nyingi kwa springi nyingi, akaonyesha kwamba muda mrefu kuliko yote wa mnyororo hukua kwa mraba wa urefu wake: mnyororo ukiwa mrefu mara mbili, unakawia mara nne. Bruno Zimm mwaka 1956 akaongeza jambo ambalo kila aliyewahi kuvuka mto akiwa ameshikana mikono na wenzake analijua, kwamba anayetangulia anayavuruga maji ya anayemfuata. Shanga moja ikisogea huyasogeza maji, na maji huisogeza shanga jirani. Kwa hiyo mnyororo haukawii sana kama Rouse alivyodhani.

Nilipoyasoma haya, tena kwa aibu, nikiwa mtu mzima wa kutumia miwani miwili, nilishangaa kukuta humo jina ninalolisikia kanisani. Kipimo cha kulinganisha muda wa kitu kulegea na muda wa mtu kukitazama kinaitwa namba ya Debora. Marcus Reiner ndiye aliyekipa jina hilo, akimkumbuka yule nabii mwanamke wa kitabu cha Waamuzi aliyeimba juu ya milima kutiririka mbele za Mungu. Maana yake ni kwamba kitu tunachokiona kigumu ni kigumu kwa sababu sisi hatukai muda wa kutosha kukiona kikitiririka. Sijui mhubiri gani wa hapa kwetu angeikataa hoja hiyo.

Lakini wale tuliocheka watasema: vema, Mwalimu, ni hadithi tamu, inamsaidia nani?

Inamsaidia mwenye goti. Nami ninalo, tena bovu. Ndani ya goti la binadamu na la ng'ombe mna ute, na ndani ya ute huo mna mnyororo unaoitwa asidi ya hayaluroni, ambao Karl Meyer na John Palmer waliutambua mwaka 1934 wakiwa wameutoa katika jicho la ng'ombe. Jicho la ng'ombe, ndugu msomaji! Katika wilaya ambazo mtu anawajua ng'ombe wake kwa majina na kwa rangi, hakuna mtoto wa shule aliyeambiwa kwamba jambo hilo kubwa lilitoka katika jicho la ng'ombe. Mnyororo mmoja wa ute huo una uzito unaofikia mamilioni kadhaa ya uzito wa atomu moja ya haidrojeni. Ukipiga goti polepole, ute hutiririka na kulainisha. Ukikimbia au ukiruka mfereji, goti linakunjwa na kukunjuliwa upesi, minyororo haipati muda wa kulegea, na ute uleule unageuka kuwa kama mto wa mpira kati ya mifupa. Katika goti lililovimba kwa ugonjwa, minyororo hiyo huwa imekatika kuwa mifupi na ute umekuwa mwepesi. Mnyororo mfupi una muda mfupi wa kurudi. Muda mfupi wa kurudi maana yake mpira hauji pale unapouhitaji. Mimi hapa ninapanda ngazi za kanisa kama mtu anayehesabu deni, na sababu yake ni ileile ya kokoto mbili na mpira wa baiskeli.

Inamsaidia pia mtoto mchanga, na hapa ndipo kicheko chetu kinaponichoma zaidi. Mtoto anayeanza kula hawezi kumeza uji mzito, kwa hiyo mama anauongeza maji. Uji ukiwa mwepesi tumbo linajaa maji na mtoto anabaki na njaa. Basi, bibi zetu walijua kitu. Waliotesha wimbi, wakalianika, wakalisaga, wakapata kimea, na kimea hicho walikitia katika uji wa togwa na katika pombe. Kijiko kidogo cha kimea kikitiwa katika uji mzito ulio vuguvugu, kwa dakika chache unalainika bila kuongezwa hata tone la maji. Chakula ni kilekile, ila sasa kinamezeka. Kimea kina kimeng'enya kinachokata minyororo ya wanga, na ukikata mnyororo umekata ukawiaji wake na mnato wake. Minyororo iliyosongamana sana ikifupishwa nusu tu, mnato unaweza kushuka kama mara kumi. Utafiti wa jambo hili la kimea na uji wa watoto ulifanywa hapa Tanzania, nao Mosha na Svanberg waliuchapisha mwaka 1983. Mwenye kemia atanisahihisha kwamba uji si mmumunyo safi, kwamba una chembe za wanga zilizovimba na si minyororo peke yake. Ni kweli, nami nakubali. Mlenda ungekuwa mfano safi zaidi. Lakini mlenda haukumwokoa mtoto na kwashakoo, na kimea kingeweza.

Kwa hiyo mzee wetu wa Mugumu alisema kweli bila kujua. Ndiyo, walimlipia nauli akatikise uji. Na tungekuwa na akili tungemuuliza: uji wa namna gani, kwa kasi gani, na umeona nini?

Najua majibu yatakayokuja. Wapo watakaoniambia juu ya siasa ya elimu. Sekondari zetu, chini ya Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, zina mkondo wa jumla na mkondo wa amali. Sina ugomvi na amali. Kijana anayejua kuchomelea geti ni bora kuliko mwenye cheti asiyejua kufunga bawaba. Ugomvi wangu ni na wale walioligeuza neno amali kuwa rungu la kuipigia nadharia. Kizazi changu kilishafanya kosa hilo. Mwalimu Nyerere, ambaye kwao Butiama si mbali na hapa, alipoandika Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, alitaka shule iliyo sehemu ya maisha ya kijiji, na katika maandishi hayohayo alitaka mwanafunzi mwenye akili ya kuuliza. Sisi walimu tulilichukua jembe tukaiacha akili ya kuuliza. Katika stoo ya shule yangu majembe yalizidi vipimajoto kwa mbali, na nilijivunia hesabu hiyo mbele ya wakaguzi.

Wengine watasema hakuna maabara. Kweli, shule nyingi hazina. Lakini nimekwisha kutaja vifaa: sufuria, mwiko, kimea, saa ya mkononi, mpira wa baiskeli. Niliwahi kuwapeleka wanafunzi jikoni kwa somo la mnato, tukapima muda ambao kokoto inachukua kuzama katika uji kabla na baada ya kutiwa kimea. Mkubwa mmoja aliyekuja kukagua aliandika kwamba muda wa masomo ulitumika kwa shughuli za upishi. Nilinyamaza. Mwaka uliofuata nilifundisha somo hilo ubaoni, wakalinakili wote bila kosa, na hakuna aliyeuliza swali. Kunyamaza kule nakuhesabu miongoni mwa dhambi zangu za kazi.

Na wapo, tena hawa ndio wabaya zaidi, watakaosema mambo haya ni makubwa mno kwa watoto wa wafugaji. Nawaomba wamkumbuke Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alitia maziwa ya moto katika friji ili atengeneze aiskrimu, akaona yameganda kabla ya yale yaliyoachwa yapoe. Aliuliza, akachekwa. Aliuliza tena alipokuwa Mkwawa, Iringa, mbele ya mgeni kutoka Chuo Kikuu, Denis Osborne, akachekwa na wenzake tena. Osborne hakucheka. Alirudi Dar es Salaam akajaribu, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja. Wanasayansi wanabishana juu ya jambo hilo mpaka leo, na si kazi yangu kuamua. Ninachosema ni kwamba wanabishana wakilitaja jina la mtoto wa Kitanzania aliyechekwa na darasa zima, na majina ya waliomcheka hayapo popote.

Sitawaachia nao wasomi wetu. Kijana wangu alijibu vizuri, lakini wengi wenzake wakirudi nyumbani hujificha nyuma ya maneno ambayo hata wao hawayaelewi bila karatasi. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ilitolewa na TUKI mwaka 1990. Mnato una jina, unyumbufu una jina. Msomi anayeshindwa kumweleza shangazi yake kazi yake kwa sentensi tatu asilaumu kicheko peke yake.

Wiki iliyopita nilikwenda buchani nikaomba goti zima la ng'ombe, lisipasuliwe. Muuza nyama, ambaye naye alipita mikononi mwangu, aliniamkia, akalifunga katika karatasi akaniuliza kama ni la supu. Nikamwambia supu ni baadaye. Nyumbani nililipasua mwenyewe kwa kisu, nikachukua ute kati ya kidole gumba na cha shahada. Nilipovuta polepole, ulifuata, ukawa uzi mwembamba, ukakatika kwa kujichokea. Nilipovuta kwa ghafla, nilihisi ukinivuta nyuma. Mke wangu alinikuta nikirudia hivyo kwa mara ya kumi au zaidi, akauliza kama ninaumwa.

Nimemwandikia yule kijana barua ya kurasa nne. Nimemwomba radhi kwa jioni ile, na nimemweleza habari ya goti. Nimemwomba pia atakapokuja likizo alale kwangu siku mbili, anifundishe hesabu ya Rouse kwa shanga tatu, maana kwa shanga mbili naiweza, na kwa tatu nimeshindwa.